Usiamini Mfuniko wa Simu

Tangu nilipofunga sanduku langu la vifaa, nyie vijana mliobaki kwenye benchi letu la Tandika hamjaacha kunipigia. Hii inafunguliwaje, fundi? Ile inaingia mfumo gani? Nimechoka kujibu hewani. Nimeamua kuandika, na mtanisamehe nikiandika kwa hasira, maana hasira hii nimeibeba miaka mingi na sioni sababu ya kustaafu nayo kimyakimya.

Shule niliacha kidato cha kwanza, muhula wa pili. Baba alifariki, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na mkubwa nilikuwa mie, nyuma yangu wadogo wawili. Baada ya arobaini ya mama, baba yetu mdogo alikuja na karatasi ya nyumba. Akatukalisha mkekani, akatusomea kwa sauti nzuri kama ya mtangazaji. Tukaambiwa tuweke sahihi, tukaweka. Kusoma nilikuwa najua vizuri, hata zawadi ya insha nilishapewa shuleni, lakini sikuomba kuishika ile karatasi. Mtoto mwenye adabu hamnyang'anyi mkubwa wake karatasi. Miezi mitatu baadaye tulikuwa tumehamia chumba kimoja Tandika, na hapo ndipo nilipoelewa ilikuwa imeandikwa nini hasa. Nawaeleza haya kwa sababu yatarudi mbele.

Karibu na chumba chetu alikuwepo Fundi Komba, mtu wa Songea, fundi redio aliyehamia kwenye simu pale redio zilipoacha kuletwa. Nilimwomba kazi yoyote. Siku ya kwanza alinipa simu za batani ishirini, mbovu zote, bisibisi moja na kipande cha sabuni ya kufulia.

"Fungua, halafu funga," akasema. "Basi."

Sabuni ilikuwa ya skrubu. Kila skrubu unayoitoa unaichomeka kwenye sabuni, mahali palepale ilipokuwa kwenye simu, ili wakati wa kufunga usibahatishe. Jioni nilikuwa nimefunga simu zote, na skrubu moja imebaki mkononi.

"Hii ya wapi?" akauliza.

"Sijui, fundi."

"Haya. Mteja akija kukuuliza, mjibu hivyohivyo."

Nikazifungua zote ishirini upya.

Kwa miaka ya mwanzo kazi ngumu kuliko zote haikuwa kuchomelea. Ilikuwa kuaminiwa. Mteja anasimama mbele yangu, mie nimeshika pasi ya kuchomelea inatoa moshi, ananiuliza, "Sista, fundi yuko wapi?" Namwambia ndiye mie. "Acha masihara bwana, niitie fundi." Fundi Komba alikuwaga anajibu bila kuinua kichwa: "Fundi ndiye huyo. Mie nimekuja kuota moshi."

Kanuni yake kubwa ilikuwa hii: simu ina mashahidi watatu. Wa kwanza ni mfuniko wa nyuma, wenye jina na namba ya toleo. Wa pili ni maandishi ya ndani, ukiingia kwenye mipangilio. Wa tatu ni ubao, ile sahani ya kijani ukishafungua kila kitu. "Mfuniko ni shahidi wa mtaani," alikuwa akisema. "Anasema alichosikia. Ubao ndio mama mzazi." Mjini kwetu mifuniko inahama. Simu ikianguka, fundi wa Tandale anatafuta mfuniko wowote unaokaa, hata kama ni wa dada yake ile simu, toleo jingine linalofanana nayo, anaubandika, mteja anaondoka anacheka. Sura moja, tumbo tofauti.

Kisha zikaja simu za kugusa, na hasira yangu ikapata kazi.

Simu ya kugusa inaendeshwa na programu kuu moja, ndio mfumo. Mwenye kiwanda anakuuzia simu na mfumo wake, anakuletea marekebisho mwaka, pengine miaka miwili, halafu ananyamaza. Simu haijavunjika. Kioo kizima, batri nzima, kamera inapiga. Ila programu unazozitumia zinaanza kukukataa moja baada ya nyingine: toleo la mfumo wako ni la zamani. Ukienda kuuliza wanakushauri ununue nyingine. Niambieni ni baiskeli gani duniani inayogoma kutembea kwa sababu aliyeiunda amechoka kuifikiria! Mama ntilie wa Temeke amejibana mpaka akaipata, ni yake, lakini kuna kufuli ndani ambalo ufunguo wake amebaki nao mtu asiyemjua. Nilikuwa nikiwaza hivyo nashindwa hata kula.

Nikaja kugundua kwamba wapo watu wa kujitolea, huko na huko, wanaoziandikia simu hizo zilizotelekezwa mfumo mwingine, mpya na mwepesi. Sie mafundi tunauita romu. Unafungua kufuli la kiwandani, unafuta mfumo wa zamani, unamimina romu, na simu iliyokuwa inakokota miguu inaanza kukimbia. Nilijifunza kwenye chumba cha kompyuta cha kulipia kule Mwananyamala, Jumapili kwa Jumapili, kwa Kiingereza changu cha kidato cha kwanza muhula wa pili. Neno nisilolijua nililiandika kiganjani, nikamuuliza mdogo wangu wa mwisho, ambaye wakati huo nilikuwa namsomesha. Yeye alidhani nampima. Sikumwambia ukweli.

Romu niliziingiza nyingi. Na katika kazi hiyo nikaona aibu ya mafundi wenzangu, wala sitawaficha. Wapo wanaofuta simu ya mtu bila kumuuliza, picha za marehemu wake zikapotea, halafu wanasema "ndo kuflashi kulivyo." Uongo. Kwanza nakala, ndipo ufute. Wapo wanaomwambia mteja simu imekufa, kumbe wanataka vipuri vyake. Nyie mnawajua kwa majina. Mie pia.

Lakini kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona kwenye benchi letu nililifanya mie, na nililifanya nikiwa fundi mzima, Fundi Komba amesharudi kwao Songea.

Alikuja mzee wa Kimbiji, jina lake Mzee Shomari. Alikuwa haoni kabisa, anatembea na fimbo, kanzu safi, simu ameifunga kwenye leso kama yai. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda bila kupapasa.

"Simu yangu ilikuwa inasema, mwanangu," alianza. "Mwalimu mmoja wa kijijini kwetu aliiwekea sauti. Nikigusa, inanisomea kila kitu. Sasa imeanza kukwama, na wiki hii imekuwa bubu."

Niliiangalia. Ile programu ya sauti ilikuwa imeandika kwenye kioo kwamba mfumo wa simu hii umezeeka, haiwezi kuendelea. Imemwandikia kipofu! Nilisonya kwa nguvu hadi mzee akauliza kuna nini.

"Wameandika ujumbe wa kukwambia kwamba hawatakusomea ujumbe," nikamwambia.

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Ndipo akanieleza jambo lenyewe.

Alikuwa na shamba la minazi Kimbiji, alilorithi kwa baba yake. Mpwa wake, Jafari, ndiye aliyekuwa akimsomea meseji na kumwandikia majibu. Baadaye mwalimu alipoiwekea simu sauti, mzee alianza kujizoeza kwa meseji za zamani, akizipitia moja moja. Siku moja simu ikamsomea meseji zilizotoka kwenye simu yake mwenyewe kwenda kwa dalali wa viwanja, meseji ambazo yeye hakuwahi kuzisema. Jafari alikuwa anauza shamba la mjomba wake kwa simu ya mjomba wake, kwa jina la mjomba wake. Mzee alipeleka shauri kwenye baraza la kata. Jafari akakana, akasema mzee amechanganyikiwa, alikubali mwenyewe na sasa amesahau. Baraza likataka meseji zenyewe. Katibu akaandika kwenye jalada ile namba ndefu ya utambulisho wa simu, akasema siku ya shauri ije simu hiyohiyo, si nyingine. Shauri lilikuwa Jumatatu. Siku aliyokuja kwangu ilikuwa Alhamisi.

"Meseji zimo bado," nikamwambia. "Hata kama simu ni bubu, si nitakuja nikusomee mie?"

Aligeuza fimbo yake mkononi.

"Na yeye alikuwa ananisomea," akasema.

Nilikumbuka mkeka, na baba mdogo, na ile sauti nzuri. Sikubishana naye tena. Nilimwambia simu yake itasema kabla ya Jumatatu.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Nakala ya meseji nilitoa, nashukuru kwa hilo. Kisha nikageuza simu, nikasoma namba ya toleo kwenye mfuniko, nikasema moyoni: hii naijua, nimeshaziingizia romu zaidi ya kumi. Sikuingia kwenye mipangilio. Sikufungua ubao. Hasira ilikuwa imenipanda kichwani na niliona natenda haki, na mtu anayeona anatenda haki haangalii mara mbili.

Nilipoanza kumimina, simu ilikataa. Ikaandika kwamba romu hii si ya simu hii. Mnajua sie tunafanyaje hapo. Ule ukaguzi ni mistari michache ya maandishi ndani ya faili. Unaifuta, faili linanyamaza, unaendelea. Mara nyingi ukaguzi unakosea kwa jambo dogo la jina, kwa hiyo tumezoea kuuziba mdomo. Nikaifuta ile mistari. Simu ikapokea kila kitu kwa utii, ikazima, na haikuwaka tena. Si taa, si mtetemo. Kompyuta haikuitambua hata kama kitu kilichochomekwa.

Niliifungua. Kwenye ubao namba ilikuwa nyingine. Mfuniko ulikuwa wa dada yake.

Mzee alikuwa amekaa palepale, anakula mihogo ya kukaanga aliyonunua kwa jirani. Ningeweza kumwambia simu imekufa yenyewe, imezeeka. Angeamini? Nadhani angeamini. Ndiyo maana ilinibidi nimwambie.

"Mzee wangu, nimeiua simu yako. Kosa ni langu. Nimesoma mfuniko, na mfuniko si wake."

Alimeza kwanza.

"Ilianguka mwaka juzi," akasema. "Jafari akaipeleka Tandale kubadilisha mgongo. Ungeniuliza ningekwambia."

"Sikuuliza."

"Hukuuliza." Akafuta vidole. "Imekufa kama mtu, au imekufa kama mnavyosemaga nyie mafundi?"

Jirani yangu, muuza vocha, alicheka mpaka akashika tumbo. Nami nilicheka, ingawa macho yalikuwa yananiwasha.

Kwa kweli palikuwa na mlango mmoja umebaki. Kwenye ubao wa simu nyingi kuna vidoti viwili vidogo vya shaba, kila kimoja kama ncha ya sindano. Ukivigusanisha kwa kibano wakati uleule unapochomeka waya wa kompyuta, simu iliyokufa inasahau kila kitu ilichofundishwa na kumsikiliza aliye upande wa pili wa waya. Ukiondoa mkono sekunde moja mapema, hakuna kitu. Ukitikisika, unaweza kuunguza ubao, na hapo ndiyo basi kweli.

Macho yangu mwaka ule yalikuwa yameshaanza kunisaliti. Kwa lenzi niliviona vile vidoti, lakini nikinyanyua uso kutafuta waya, kibano kinateleza. Nilijaribu mara ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Ni kazi ya mikono mitatu, nami nina miwili, na muuza vocha mikono yake inatetemeka kwa sababu zake mwenyewe anazozijua.

"Unatafuta nini?" mzee akauliza.

Nikamweleza.

"Nipe nishike mimi."

"Mzee, vidoti vyenyewe hata mie mwenye macho…"

"Wewe niweke mahali pake, halafu niache. Mwenye macho mkono unafuata jicho. Mimi mkono wangu haufuati mtu."

Nilimwosha vidole, nikamsogeza mezani, nikamshikisha kibano. Kwa lenzi nikaongoza ncha mbili mpaka zikakaa juu ya vidoti. "Hapo," nikasema. Akaganda. Nimefanya kazi na mafundi wengi, sijawahi kuona mkono uliotulia namna ile. Bodaboda ikapita imefungulia singeli mpaka meza ikatikisika. Meza ilitikisika, yeye hapana. Nikachomeka waya. Kompyuta ikalia.

"Imeitika?" akauliza, bado ameganda.

"Imeitika, mzee. Achia."

"Sasa hii ni kazi ya nani, yangu au yako?"

"Yako."

"Basi na mie ni fundi," akasema, akarudi kwenye mihogo yake.

Kwanza niliirudishia mfumo wake wa kiwandani, ule wa namba iliyo kwenye ubao, ndipo nikatafuta romu yake halisi. Ijumaa nzima niliitumia kutafuta, na Jumamosi nikaimimina, na safari hii ukaguzi nikauacha useme unavyotaka. Haukusema chochote. Nikarudisha meseji, nikaweka programu ya sauti ya Kiswahili. Nikalinganisha ile namba ndefu ya utambulisho na karatasi aliyopewa na katibu, tarakimu kwa tarakimu, mara tatu. Jumapili mzee alikuja kuichukua. Aligusa kioo, simu ikataja saa. Akagusa tena, ikataja tena. Alifanya hivyo kama mara kumi, na sikumwambia aache.

Jumatatu nilifunga benchi nikaenda naye Kimbiji. Shamba halikuuzwa, hilo nalisema mapema msije mkasoma kwa wasiwasi. Dalali naye alitakiwa afungue simu yake, na meseji zikakutwa ni zilezile, neno kwa neno. Nami nilisimama nikaeleza kila nilichoifanyia ile simu, pamoja na kuiua. Mwenyekiti wa baraza aliuliza kwa nini nataja kosa ambalo hakuna aliyelijua. Nikamjibu kwamba wapo wanaolijua, na mmoja wao alishika kibano.

Lakini nitakachokumbuka ni kabla ya hayo yote. Tulikuwa kwenye chumba kidogo cha ofisi ya kata, viti vya plastiki, feni inalia. Jafari alikuwa amevaa shati jipya, mnyenyekevu kweli, amemshika mjomba wake mkono na kumkalisha. Mwenyekiti akasema meseji zisomwe. Katibu akanyoosha mkono apewe simu asome. Mzee Shomari akasema, "Inasoma yenyewe," akaiweka juu ya meza, akatelezesha kidole.

Simu ikaanza kusoma kwa ile sauti yake kavu isiyomjua mtu. Ikataja tarehe. Ikataja jina la dalali. Kisha ikasema:

"Mzee tayari. Haoni, ataweka dole tu popote utakapomshikisha. Uso wenye machozi ya furaha. Uso wenye machozi ya furaha. Uso wenye machozi ya furaha."

Mnavijua vile vikatuni vya kucheka mnavyomalizia meseji. Ile sauti ya simu haivionei aibu. Inavitaja kimoja kimoja. Hakuna aliyecheka. Katibu aliacha kuandika. Mie nilikuwa najiuliza karatasi yetu ya nyumba ingesema nini kama nayo ingekuwa na kinywa.

Jafari aliinuka haraka, mkono umeshaelekea mezani. "Mjomba, ngoja nikusaidie kuizima."

Mzee hakugeuza uso. Aliweka kiganja juu ya simu, taratibu, mkono uleule uliotulia kwenye benchi langu.

"Iache," akasema. "Haijamaliza."